Tangi la Choo la Tulizo

Jumatatu, 6 Januari

Vyoo viwili kabla ya saa nne asubuhi. Cha kwanza mpira umeoza, uchafu umenimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Cha pili ni pampu tu. Nimebadilisha ulimi wa ndani, kikavuta. Nimeoga mara mbili kwa sabuni ya kipande. Bado nanuka. Nimezoea.

Miaka kumi na miwili katika yadi hii ya Mtongwe. Mashua za matanga hupandishwa nchi kavu, husimamishwa juu ya magogo, hukwanguliwa, hupakwa rangi, kisha hurudi majini. Mimi ni fundi wa mabomba. Yaani fundi wa vyoo. Baba alifanya kazi hii hapa hapa. Aliponiachia spana zake aliniachia na vyoo.

Sijasafiri hata siku moja kwa mashua niliyoitengeneza. Zikishuka majini mimi hubaki na ndoo.

Kadzo amechelewa tena. Ameingia anacheka. Mzee Bakari, meneja, alikuwa amekunja uso, akaishia kucheka naye. Mimi nikichelewa naulizwa kama nimesahau njia.

Kesho Daktari anakuja kuitazama mashua yake, Tulizo.

Jumanne, 7 Januari

Daktari amekuja. Mtu wa bara, mrefu, mvi fupi, alistaafu hospitali akanunua mashua na mumewe. Watu waliwacheka wote wawili. Lakini wao walijifunza matanga wenyewe, wakafika Lamu, wakafika Mafia. Mumewe alifariki wakati wa masika mwaka jana, nyumbani kwao huko juu. Tulizo imekaa kwenye magogo tangu safari yao ya mwisho. Miezi minane hakuna aliyeigusa.

Amepanda ngazi peke yake, amekaa ndani muda mrefu. Ameshuka macho mekundu, akaanza kutoa maagizo mara moja. Rangi. Kamba. Plagi za injini. Mwisho wa mwezi anataka kuwa majini. Anakwenda Pemba, kisha Unguja, wiki tatu, kabla upepo wa kaskazi haujalegea. Peke yake hawezi matanga.

Amemwambia Mzee Bakari mbele yetu, "Nataka mwanamke mmoja kutoka hapa. Sitaki mwanamume wa kuja kunifundisha mashua yangu."

Wanawake hapa ni wawili. Mimi na Kadzo.

Nimefika nyumbani nimefungua sanduku la Mama nikaitoa pasipoti yangu. Niliitengeneza miaka miwili iliyopita bila kumwambia mtu sababu. Haina muhuri hata mmoja. Mama ameniona nimeishika. Amerudi kumenya mihogo yake.

Ni mimi. Lazima iwe mimi. Ile mashua naijua kila bomba.

Jumatano, 8 Januari

Siku nzima kwenye Tulizo, sisi watatu. Daktari anatufundisha mafundo na majina ya kamba. Mimi nayajua yote. Nimeyafunga haraka, kimya, vizuri. Kadzo amefunga fundo likafunguka, akalitazama kama mtoto aliyemkatalia uji. Daktari amecheka mpaka akakaa chini.

Sijawahi kumchekesha mtu mpaka akakaa chini.

Niandike pia hili, nisije nikajidanganya. Kadzo nilimleta mimi. Miaka mitatu iliyopita nilimwona kwao Mtopanga, amezama magotini kwenye maji ya bomba lililopasuka, anatengeneza huku anataniana na wanawake waliosubiri na madumu. Nikasema, huyu ana mikono. Nilimwombea kazi. Nilimfundisha kushika spana, kunusa bomba, kujua vali iliyochoka kwa kuigusa tu. Kila mtu hapa anampenda. Mimi pia nilimpenda.

Ijumaa, 10 Januari

Kadzo.

Daktari ametuita baada ya swala ya Ijumaa. Amesema sote tunafaa. Amesema mimi ndiye fundi zaidi. Halafu amesema, "Lakini wiki tatu, Mwanasha, nahitaji mtu wa kuzungumza naye. Nimekaa kimya karibu mwaka mzima."

Basi. Miaka kumi na miwili, na kinachonishinda ni maneno.

Kadzo amenirukia shingoni. "Dada, ni wewe umenifikisha hapa!" Nimesema hongera. Uso wangu sijui ulikuwaje. Pasipoti hana. Atafanyiwa hati ya muda ya kusafiria, Daktari atamshughulikia.

Sikula. Mama ameuliza kama ni tumbo. Nimesema ndiyo.

Ni kijicho. Nakiandika kwa jina lake. Kimekaa hapa chini ya kifua kama jiwe la mafiga.

Jumamosi, 11 Januari

Harufu ndani ya Tulizo. Tumefungua madirisha yote ya sitaha, haitoki. Nimeingia kwenye chumba cha omo, mbele kabisa, nimeinua godoro na ubao. Tangi la choo limejaa hadi shingoni. Walipotoka safari ya mwisho mume alikuwa ameanza kuugua, wakapandisha mashua haraka, hakuna aliyekumbuka.

Nimemwambia Daktari. Amesema, "Kwa hiyo humo tumo mimi na marehemu." Kadzo akaangua kicheko. Daktari naye. Mimi nilisimama na ubao wangu mkononi.

Mashua ikiwa nchi kavu huwezi kufungua vali ya chini. Uchafu wote utaanguka ardhini, na majirani wana kisima. Njia yangu ni ile ya Baba: unazibua kipumulio kwanza, yaani kile kibomba chembamba kinachotoka tangini hadi ubavuni mwa mashua ili hewa ipite, kisha unafungua kifuniko polepole, unavuta kwa pampu ya mkono, dumu baada ya dumu, unabeba hadi shimoni. Kazi ya siku mbili.

Kadzo amesema, "Si tuite gari la kunyonya choo? Liko Magongo. Mpira wake unaingia juu ya sitaha, nusu saa tumemaliza."

Mzee Bakari amempiga bega. Kwa nini hatukufikiria hilo miaka yote hii, amesema. Akanitazama mimi. Gari litakuja Jumanne. Kadzo atasimamia. Mimi nitakwangua tumbo la mashua.

Wazo ni zuri. Ndilo linaloniuma.

Jumatatu, 13 Januari

Nimekwangua tangu asubuhi. Vumbi la rangi puani. Upande wa kulia, juu ya kichwa changu, kipumulio cha tangi. Nyigu anaingia. Nyigu anatoka. Nimepanda kwenye pipa nikaangalia. Wamejenga. Tope gumu la kahawia limeziba tundu lote.

Najua maana yake. Gari likivuta na hewa haina pa kuingilia, tangi litajiminya. Plastiki ya zamani ile. Itapasuka.

Kadzo hajui. Vipumulio huwa nazibua mimi, kabla hajafika, kwa sababu mimi huwahi. Sikumfundisha hilo. Si kwa makusudi. Halikuwahi kutokea tu.

Waya ninao. Kazi ya dakika mbili.

Nimeshuka kwenye pipa. Nimeendelea kukwangua.

Nitamwambia kesho kabla ya gari.

Jumanne, 14 Januari

Naandika yote.

Gari limefika saa nne. Dereva ametandika mpira, Kadzo akapanda nao, akaufunga kwenye mdomo wa shaba juu ya sitaha. Alikuwa anaimba. Daktari ameketi bandani na chai yake. Mimi nilikuwa chini ya mashua, kipumulio juu ya kichwa changu, waya mfukoni mwa aproni. Mfukoni. Niliushika.

Sikusema.

Mashine ilianza kuvuma. Nikasikia tangi kupitia ubavu wa mashua, sauti kama debe linalokanyagwa. Mara moja. Mara mbili. Kisha mpasuko. Kadzo alipiga kelele dereva azime. Akazima. Kadzo akashuka ndani na tochi kuangalia.

Kimya.

Dereva ndiye aliyesema, "Huyo dada mbona haongei?"

Kadzo hajawahi kukaa kimya hata akiwa na msumari mguuni. Hapo ndipo nilipotupa kikwanguo. Nilipanda ngazi nisijue nimepandaje. Mlangoni harufu ya mayai yaliyooza ilinipiga, halafu ikakatika ghafla, kana kwamba hakuna kitu. Baba alinifundisha jambo moja kuliko yote: harufu ikikatika, toka, pua imeshakufa, hewa ile inaua. Nikakimbilia juu, nikafungua dirisha la omo kutoka sitahani, nikavuta pumzi hadi mwisho, nikashuka.

Alikuwa amelala kifudifudi, shavu ndani ya uchafu, tochi inawaka chini yake. Nilimshika makwapani. Mzito. Sijui nilimfikishaje kwenye ngazi ya ndani. Dereva alinyoosha mikono kutoka juu. Tulimtoa kama gunia. Nikapumua. Nikatapika.

Daktari alikuwa ameshapanda. Alimlaza ubavu, akampangusa mdomo kwa vidole vyake, akamwita kwa jina. Hakuwa mjane wala mwenye mashua wakati ule. Alikuwa daktari. Kadzo alikohoa. Akafungua macho. Akaniangalia mimi.

Wamempeleka hospitali kwa gari la Daktari. Mimi nimebaki kuosha ngazi.

Nilitaka aaibike. Wallahi, nilitaka aaibike tu.

Jumatano, 15 Januari

Nimekuwa shujaa. Wapaka rangi wamesimama nilipoingia langoni. Mzee Bakari amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Amesema Kadzo alijitia haraka, hakufuata utaratibu, na kama si mimi tungekuwa tunazika. Ameagiza nipewe siku ya mapumziko. Nimekataa.

Mama amesikia kwa majirani kabla sijafika nyumbani. Amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka kama sikukuu. Amesema Baba angefurahi.

Nimekula vijiko viwili.

Kile kipumulio nimekwenda kukitazama. Bado kimeziba. Hakuna aliyekikagua. Naweza kukizibua sasa hivi na hakuna binadamu atakayejua.

Sikukizibua. Sijui kwa nini. Nilitaka kibaki angalau kitu kimoja kinachosema kweli.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda hospitali kumwona. Kitanda cha dirishani. Ana mpira wa hewa puani, sauti imekwaruza. Madaktari wanasema mapafu yatapona, atatoka kesho, apumzike siku kadhaa.

Amenishika mkono. "Dada, nilisahau nini? Nifundishe. Nimefikiri usiku kucha, sioni nilichokosea."

Nimesema pumzika kwanza.

"Umeniokoa na huniambii hata kosa langu."

Nimemmenyea chungwa. Nimempa kipande kimoja kimoja ili asiweze kuzungumza.

Daktari alikuwa ananisubiri kwenye baraza ya hospitali. Amesema Kadzo hawezi tena safari hii, na safari yenyewe kama tangi litatengenezeka atakwenda na mimi. "Uliingia pale bila kufikiri. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka baharini. Nilikosea."

Nimepata nilichokitaka. Nimesema asante. Nilitembea kutoka pale hadi kivukoni na kivuko kikaondoka bila mimi, nimesimama tu.

Ijumaa, 17 Januari

Mama ameipangusa pasipoti kwa upindo wa leso. Amenipangia nguo. Anasema huko Pemba nimtafutie karafuu mbichi, anataka kuzinusa zikiwa bado na majani. Mara ya kwanza namwona anamhadithia jirani habari zangu. Mwanangu anakwenda Pemba na Daktari.

Nimeswali. Sikupata la kuomba.

Najaribu hesabu zote. Sikumsukuma. Sikuziba mimi, wameziba nyigu. Angeangalia mwenyewe. Nilimtoa, si nilimtoa? Kila nikimaliza kuhesabu namwona na shavu lake ndani ya uchafu na tochi inawaka.

Na bado, Mungu anisamehe, kuna kipande ndani yangu kinachofurahia kwamba ni mimi ninayekwenda.

Jumapili, 19 Januari

Nimekwenda Mtopanga. Kadzo yuko kwa mamake, chumba kimoja na ukumbi, kitambaa cha msalaba ukutani. Mamake amenipokea kama malaika. Amenishika uso. Amekwenda kuninunulia soda ingawa nimemsihi asiende.

Tukabaki wawili. Kadzo kwenye mkeka, mto mgongoni.

Nimesema, "Hukusahau kitu. Kipumulio kilikuwa kimezibwa na nyigu. Nilikiona Jumatatu."

Hakuelewa. "Jumatatu ipi?"

"Siku moja kabla ya gari."

"Ulikiona."

"Nilikiona. Hata Jumanne nilikuwa chini yake. Waya ulikuwa mfukoni."

Amejiinua kutoka kwenye mto. Nje mtu alikuwa anapiga misumari kwenye bati. "Ulitaka nife?"

"La. Nilitaka uaibike mbele ya Daktari."

"Kwa sababu alinichagua."

"Ndiyo."

Alianza kukohoa. Nikamnyooshea kikombe cha maji. Amekisukuma, maji yakamwagika mkekani. Amesema, "Nilikuwa nakuita dada." Kisha akasema nitoke kabla mamake hajarudi, kwa sababu hataki mamake ajue alimshika nani uso.

Nimetoka. Mamake nimekutana naye njiani na ile soda. Nimeichukua. Sikuweza kukataa. Nimeibeba hadi Likoni bila kuifungua.

Jumatatu, 20 Januari

Nimewaambia Daktari na Mzee Bakari pamoja, ofisini, nimesimama. Sikupunguza. Nimewapeleka hadi chini ya mashua nikawaonyesha tope la nyigu.

Mzee Bakari aliwaka kwa hasira. Amesema anamwonea haya marehemu babangu. Hilo limeingia mahali pake. Amesema nitatengeneza kila kilichoharibika kwa mikono yangu, kisha atafikiri kama yadi hii bado ina haja nami.

Daktari hakufoka. Ningependa angefoka. Amesema, "Nilikuambia nahitaji mtu wa kuzungumza naye, ukadhani nataka porojo. Baharini mtu akiona kitu asiseme, tunakufa wote wawili."

Akaondoka kumwona Kadzo.

Nimerudi nyumbani kumweleza Mama. Amesikiliza yote akichambua mchicha. Ameirudisha pasipoti sandukuni, akafunga, akaendelea na mchicha. Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, nimelia kama nimechapwa.

Jumatano, 22 Januari

Siku ya tatu kwenye Tulizo. Madirisha yote wazi, feni ya kupepea mlangoni, naingia dakika kumi natoka. Nimezibua kipumulio kwanza. Limetoka tope gumu na mabuu ya nyigu, meupe, madogo.

Kilichobaki tangini nimekivuta kwa pampu ya mkono. Madumu ishirini na kitu hadi shimoni, sikuhesabu vizuri. Tangi nimelikata vipande nikalitoa. Kisha ngama, lile tumbo la chini kabisa la mashua ambako kila kitu kinachomwagika huenda kukaa. Nimelala kifudifudi, mkono hadi begani, nachota kwa kikombe. Nimeosha kwa maji ya chumvi, kwa sabuni, kwa siki, kwa maji matamu. Nimenusa. Nimerudia.

Kwenye kabati la karibu na tangi nimekuta sweta la mwanamume. La sufu, la kijani, limelowa lote. Nilijua ni la nani.

Alhamisi, 23 Januari

Sweta nimelifua mara saba. Limau, majivu, sabuni ya unga, kisha sabuni ya kuogea. Mama ametoka uani, amelichukua kutoka mikononi mwangu, amenionyesha jinsi ya kulikamua bila kulivuta. Bado hasemi nami sana, lakini amelikamua.

Limekauka kivulini. Halinuki uchafu tena. Halinuki chochote tena, na nadhani hapo ndipo nilipoiba kitu ambacho siwezi kukirudisha.

Nimempa Daktari likiwa limekunjwa. Alilitia usoni palepale. Alikaa nalo hivyo. Kisha amesema, "Ni safi sana," akageuka.

Jumamosi, 25 Januari

Tangi jipya limekuja kutoka kwa fundi mmoja wa Changamwe. Nimelifunga. Mipira mipya. Nimelijaza maji, nimeliacha kwa muda wa saa sita, nimepapasa kila kiungo kwa karatasi kavu. Hakuna tone.

Kadzo amerudi kazini. Watu wamemzunguka. Amekonda kidogo. Daktari amempima mapafu, yako sawa; ndiye anayekwenda. Wapaka rangi sasa wakiniona wanainama kwenye makopo yao.

Amenijia baada ya adhuhuri na daftari. Sauti kavu. "Mwanasha. Nionyeshe yote."

Nimemwonyesha yote. Kipumulio, wapi kinatokea, kwa nini huziba na chumvi baharini na nyigu nchi kavu. Waya gani. Vali ya tangi, vali ya bahari, mkono wa pampu ukiwa mzito maana yake nini, ukiwa mwepesi mno maana yake nini. Harufu ya kawaida na harufu ya kukimbia. Hata zile hila ndogo za Baba ambazo sikuwahi kumpa mtu, kwa sababu nilidhani ndizo zinazonifanya mimi kuwa mimi.

Ameandika kurasa tisa. Hakuniangalia. Mwisho amesema, "Mengine?"

Nimesema hakuna mengine. Ilikuwa kweli.

Jumatano, 29 Januari

Maji yamejaa saa tano. Tulizo imeshushwa. Imeelea sawasawa. Nimekuwa ndani peke yangu mara ya mwisho, tochi mdomoni, kuangalia ngama. Kavu.

Daktari amenipa mkono, wa kawaida, wala baridi wala moto. Kadzo amepita mbele yangu na mfuko wake. Ana hati yake ya muda kifuani ndani ya plastiki. Amesita. Nilidhani atasema kitu. Amepita.

Wametoka kwa injini hadi mbele ya bandari, meli ya makontena ikawapigia honi. Kisha tanga likapanda, jeupe, likashika upepo, mashua ikalala ubavu kidogo kama mtu anayejinyoosha. Nilimwona Kadzo anavuta kamba. Fundo lake halikufunguka.

Nilikuwa na wivu mpaka meno yakauma. Nilidhani kusema kweli kungeuondoa. Haukuondoka.

Mzee Bakari amesema kuna choo cha mashua ya pili kutoka mwisho. Hajaniambia nibaki wala niondoke. Nimechukua ndoo.

Jumanne, 4 Februari

Asubuhi ya kawaida. Nimekwangua. Mchana nimekaa kwenye kivuli cha ghala na mkate wangu, ujumbe ukaingia kwenye simu. Namba ya Daktari, lakini uandishi wa Kadzo, naujua, haweki nukta.

Wako Pemba, wametia nanga. Choo maji yanarudi juu. Mkono wa pampu mzito. Daktari hajui. Nifanye nini.

Hakuna salamu.

Nimeweka mkate chini. Nimeandika. Afunge vali ya maji ya bahari kwanza. Atie siki kikombe kimoja na mafuta ya kupikia vijiko vitatu, apige pampu polepole mara tano, aache saa nzima. Asilazimishe mkono, utavunjika. Ulimi wa mpira ulioko nyuma ya pampu umekamatwa na chumvi, utalegea. Nikamwambia kuna ulimi wa akiba niliouficha kwenye boksi la spana, chini, umefungwa kwenye gazeti, kama huu hautalegea aubadilishe hivi na hivi. Nikamwambia akague kipumulio kwa waya kabla ya yote. Nikasoma tena. Nikaona nimesahau kumwambia afungue dirisha. Nikamwandikia afungue dirisha la omo kabla hajagusa kitu, na Daktari asimame pale juu amwone wakati wote.

Nikatuma. Nikakaa.

Ikapita saa moja na robo. Mkate umepata sisimizi.

"Kimevuta"

Nimeangalia lile neno. Nilifikiria bandari ya Pemba, maji yake, yeye amekaa sitahani na Daktari wanakula. Niliumia kidogo. Nikafuta sisimizi, nikamaliza mkate, nikarudi chini ya mashua.

Jioni Mama ameuliza kama kuna habari zao. Nimesema wamefika salama.